Waipa za Upepo Hazifuatani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba waipa mbili za lori moja lazima zicheze pamoja.

Malori ya zamani ya jeshi hayana mota ya umeme ya kufutia kioo. Yanatumia upepo. Upepo uleule unaoshika breki hutoka kwenye tangi chini ya bodi, hupanda kwa paipu nyembamba za shaba mpaka juu ya kioo cha mbele, na kila upande, wa dereva na wa abiria, una kimota chake kama kopo dogo la maziwa, na kitufe chake cha kufungulia. Ndani ya kimota kuna ulimi wa chuma uliozungushiwa ngozi. Upepo huusukuma ulimi huku, vali inageuka, unausukuma kule, na mkono wa waipa nje ya kioo unafuata. Kwa kuwa mota ni mbili, kila moja ina mwendo wake. Moja inakimbia, nyingine inajikokota. Ndivyo yalivyotengenezwa.

Mimi sikujua hivyo na hapakuwa na mtu wa kuniambia. Sikupita chuo cha ufundi. Nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuzipanga skrubu zake juu ya gunia kwa mfuatano niliozitolea, na kama moja ikiviringika nje ya mstari moyo ulinienda mbio mpaka niirudishe. Kwa hiyo lori la kwanza la jeshi lilipoletwa kwenye kibanda changu cha turubai, Nyarero, na nikaona waipa ya dereva inaikimbia ya abiria, nilidhani ndio ugonjwa wenyewe. Nilijaribu kuiongeza kasi ile ya abiria, ikakataa. Basi nikachukua plaizi nikaibana paipu ya upande wa dereva, kidogo kidogo, huku nikitazama, mpaka ile yenye mbio ikaisubiri ile nzito. Zikawa zinakwenda sawa, kushoto kulia, kama miguu ya mtu mmoja. Nilifurahi kiasi cha kuwasimamisha watu waliokuwa wakipita na ndizi zao waje kutazama.

Lori lilikuwa la mama mmoja mjane wa Kewanja. Kabla ya dhahabu alikuwa mpika pombe. Wakati ule watu walikuwa wanateremka Kewanja kutoka kila upande, na wale waliochimba wenyewe, nje ya ukuta wa mgodi mkubwa, walihitaji magogo ya kushikilia mashimo, saruji, unga, na gari la kubeba mawe yao kwenda kusagwa. Mama akanunua mnadani malori mawili yaliyostaafu jeshini. Kwa kuwa raia haruhusiwi kutembea na rangi ile ya kijani, moja alilipaka bluu na lingine jekundu, lakini palipokwaruzwa kijani kilichungulia. Nililolibana mimi lilikuwa la bluu.

Mvua ya kwanza ya maana ilipopiga, dereva wake alishindwa kuona. Waipa zilikwenda pamoja vizuri sana, pole pole, na maji yakawa yanafunika kioo kabla hazijarudi. Alitoa kichwa dirishani akaendesha hivyo mpaka lori likateleza likaingia kwenye shamba la mahindi la watu. Alikuja kwangu na tope mpaka kwenye nyusi. Hakunitukana. Alisema tu kwamba waipa zangu ni nzuri sana kwa kiangazi.

Wiki hiyohiyo akarudi mwenzangu wa rika.

Lazima nieleze huyu ni nani, maana yaliyobaki yote ni yeye. Mimi na yeye tulitahiriwa msimu mmoja, tukasimama jirani kwenye mstari, yeye mbele, mimi nyuma yake. Watu wanasimulia mpaka leo jinsi ambavyo hakupepesa macho. Mimi pia sikupepesa, ila hakuna aliyekuwa akinitazama, walikuwa bado wanamshangilia yeye. Kwetu mtu wa rika lako humnyimi chakula wala mahali pa kulala. Akija amekuja. Miaka kadhaa alikuwa ng'ambo ya mpaka wa Sirari kwa ndugu za mama yake, anafanya kazi kwenye gereji za huko, na sasa alikuwa amesikia habari za Kewanja kama kila mtu. Akaingia chumbani kwangu na begi moja na godoro, akalilaza kando ya langu, akaniuliza kuna nini cha kula.

Asubuhi yake nilikuwa nimelifungua lile lori la bluu, nimechanganyikiwa. Alisimama nyuma yangu anatafuna kipande cha muwa. Alipandisha mkono akapapasa paipu, akafika pale nilipobana, akacheka mpaka dereva akaja kuangalia.

"Mura," akaniambia, kama tunavyoitana vijana wa kwetu, "umemfunga kamba ng'ombe mzima ili amsubiri kiwete?"

Neno lile lilifika Kewanja kabla ya lori. Alikata kile kipande cha paipu kilichobanwa akaunga kipya, na waipa ya dereva ikaanza kuruka kwenye kioo kama zamani, ile ya abiria ikijivuta nyuma yake. Mbaya kutazama. Dereva alifurahi kama aliyepona jicho. Kile kipande kilichokatwa mwenzangu hakukitupa. Aligundua kwamba ukikipuliza kinalia, akakifanya filimbi, na kila asubuhi aliniamsha nacho.

Ninataka kuwa mkweli kuhusu wivu wangu, kwa hiyo nitataja vitu vidogo, kwa sababu ulikaa kwenye vitu vidogo. Nilimwonea wivu kwa kuweka skrubu mdomoni badala ya kwenye gunia na kutopoteza hata moja. Nilimwonea wivu kwa usingizi wake, maana alilala kabla hajamaliza sentensi. Ngozi za ndani ya mota zilikuwa zimekauka, na niliwahi kumwomba mama yangu samli kidogo ya kuzilainishia. Mama alisema samli yake haijawahi kuwa ya malori. Mwenzangu alipoomba, alipewa kwenye kibuyu kidogo, akaambiwa akiishiwa arudi. Jioni mama alipomimina maziwa ya mgando alianza na kikombe chake. Nilijua anaanza naye kwa sababu ni mgeni. Nilikitazama kikombe hata hivyo, kuona kimejaa kiasi gani.

Na alikuwa mtu mzuri, jambo lililozidi kuniumiza. Alinionyesha kwamba maji hujikusanya ndani ya tangi la upepo na lazima yatolewe chini kila asubuhi, la sivyo yanapanda na kutia kutu kwenye vimota. Alinionyesha bila kujigamba, huku anazungumzia mpira. Mimi niliitikia kana kwamba nilijua tangu zamani.

Yule mama mwenye malori alikuwa na kibanda cha mabati karibu na ua wake Kewanja, chenye meza ya chuma na mlango wa kufuli. Masika yalipokaribia alitangaza kwamba anataka fundi mmoja wa kukaa pale, kuyatunza malori yake yote na ya wengine watakaokuja. Kibanda kile nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kwangu Nyarero nilifanya kazi chini ya turubai, na watu waliponielekeza kwa wengine walisema, nenda kwa yule kijana wa turubai. Anayekaa kwenye kibanda cha mabati kule machimboni anaitwa fundi. Nilikuwa nimeanza kuwaza nitapanga nini kwenye ukuta upi.

Nilikwenda kumwona. Mwenzangu alikuja pia, kwa sababu nilikuwa nimetoka chumbani na yeye alikuwa ndani ya chumba hichohicho. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia bila kuinua macho, anachambua maharage kwenye ungo. Alisema kila mmoja ashike lori lake. Mwenzangu alilipata la bluu, mimi jekundu. Waipa ziwe tayari kabla ya mvua, na mvua yenyewe ndiyo itakayochagua.

Nilifanya kazi yangu vizuri safari hii. Nasema hivyo bila haya. Nilivifungua vimota vyote viwili, nikaviosha kwa mafuta ya taa, nikakata ngozi mpya kwa wembe na kuipima juu ya ile ya zamani, nikaikata upya kwa sababu ukingo mmoja ulinikera. Samli niliipata kwa kuomba ya mwenzangu, na hilo lilinichoma. Nilitoa maji kwenye tangi. Sikubana kitu. Waipa zangu hazikwenda pamoja, na nilijilazimisha kuziangalia zikipishana bila kuzigusa, kama mtu anayetazama picha iliyotundikwa upande huku mikono ikiwa mfukoni. Yeye lake alilimaliza mapema, akaenda kucheza bao na madereva.

Siku ya safari mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima tangu alfajiri. Malori yalipakiwa unga na saruji ya kwenda upande wa Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara, na yangerudi na magogo. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye kidato cha lori langu jekundu mama aliponiita nishuke.

"Wewe panda la bluu," akasema. "Na wewe wa filimbi, panda jekundu."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema walipokuwa wakipika pombe, hakuna mpishi aliyeonja ya kwake na kuitolea habari. Ya kwako siku zote ni tamu. Ilionjwa na jirani, tena yule jirani mnayegombea wateja. Akiisema nzuri, basi ni nzuri.

Madereva walicheka. Dereva wa la bluu, mzee wa Busawe aliyekulia kuchunga kabla hajajua usukani, alinisogezea gunia nikalie, akanitania kwamba leo nitaujua utamu wa kuendeshwa na waipa zisizotii amri.

Mvua ilitukuta kabla ya mteremko wa kwenda mtoni. Haikuanza kwa manyunyu. Dereva alifungua kitufe chake, nami nikafungua changu, na waipa za mwenzangu zikaamka, ya dereva ikikimbia, ya upande wangu ikijikokota na kupumua kila ilipogeuka. Niliisikiliza ile pumzi. Ilikuwa inavuja. Ngozi ya upande wa abiria aliikata haraka haraka, niliijua kwa sauti, na nilifurahi. Nilikaa pale juu ya gunia nikiomba zikwame. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliomba kwa maneno yaleyale ninayoombea kanisani, na aliyekuwa ndani ya lori lile, kwenye barabara ya tope, na mto chini, nilikuwa mimi mwenyewe. Akili yangu haikuliona hilo. Iliona kibanda cha mabati.

Mteremko ukaanza. Dereva alikuwa kwenye gia ndogo lakini mzigo ulisukuma, ikabidi akanyage breki, na kila alipokanyaga upepo ulitoka tangini. Sindano ya geji ikaanza kushuka. Waipa ya dereva ikapunguza mbio. Breki ikakanyagwa tena, waipa ikapungua tena. Maji yakaanza kukaa kwenye kioo chake kama yalivyokaa siku ile ya mahindi. Mzee aliinama mbele mpaka kifua kikagusa usukani.

Hapo nilielewa kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Upepo ulikuwa mmoja na ulikuwa hautoshi, na waipa ya upande wangu, ile inayovuja, ilikuwa inaula bila faida, kwa sababu mimi sikuwa na haja ya kuona barabara. Kitufe chake kilikuwa mbele ya pua yangu. Dereva hakuweza kukifikia. Ningekifunga, upepo wote ungekwenda kwake.

Sikukifunga. Tulipita kona nzima nikiwa nimekitazama. Nilikuwa nikifikiri: nikikaa kimya hivi, hakuna atakayejua. Zitakufa zenyewe, dereva atasimamisha gari, tutalowa, na jioni nitasema ukweli mtupu kwamba waipa za lori la bluu zilikufa njiani.

Kisha mzee akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa, "Kijana, unaona ukingo uko wapi upande wako?"

Nikakifunga. Waipa yangu ikalala katikati ya kioo. Ile ya dereva ikapata nguvu, ikasita kidogo, halafu ikaanza kukimbia, na mzee akanyooka mgongo. Upande wangu maji na tope vilifunga kioo chote. Niliteremka mlima ule bila kuona kitu mbele yangu, nikisikia tu yake ikipiga, na nikihesabu kwa masikio kila ilipogeuka kama mtu anayeogopa isije ikaacha. Dereva alinishukuru. Alidhani nilikuwa nachelewa kwa kuwa nilisubiri aniambie, na nilimwacha adhani hivyo.

Jioni tulirudi Kewanja, malori yote mawili, na magogo juu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa kile kibanda, ufunguo uko kidoleni. Alianza na mimi. Waipa za lori la bluu zilifanya kazi?

Nilikuwa na maneno tayari tangu darajani, mawili tofauti, na mpaka alipouliza sikuwa nimejua nitatoa yapi.

"Ya dereva ni nzuri, Mama," nikasema. "Ya abiria inavuja. Kwenye mteremko upepo ulipungua, ikabidi nifunge ya kwangu."

"Ukawa unaona nini?"

"Sikuona kitu."

Watu walicheka, na dereva wa Busawe akasema ni kweli, na kwamba kama nisingefunga wangekuwa wanatutafuta mtoni. Mwenzangu hakukasirika kusikia ngozi yake inavuja. Alipiga paji la uso akasema aliijua tu, siku ile ya kuikata aliitwa kwenye bao.

Mama akamgeukia. Na wewe, za lori jekundu?

"Mama, sijui. Nililala."

Akauliza alilalaje kwenye mvua ile. Mwenzangu akajibu kwamba zilikuwa zinakwenda vizuri, zinabembeleza, na kama zingekwama dereva angemwamsha. Dereva wa jekundu alithibitisha kwamba alikoroma kutoka juu ya mteremko mpaka Busawe. Watu walicheka zaidi ya walivyonicheka mimi. Hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote ambazo kazi yangu imewahi kupata, na nilichosikia mimi ni kwamba wanampenda hata akiwa amelala.

Ufunguo alipewa yeye. Mama alieleza bila kuzunguka: kibanda kinataka mtu ambaye watu watapenda kuja kukaa kwake, na huyu watakuja. Mimi alinitaka ndani ya gari. Lori la kuvuka mto masika yote halitaondoka bila mimi kwenye kiti cha abiria, na vifaa vyangu chini ya miguu. Alisema mtu aliyekubali kukaa gizani ili dereva aone, huyo anamfaa barabarani. Niliitikia asante, Mama. Hakujua habari za ile kona, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mbele za watu. Nilimtazama mwenzangu akijaribu kufuli, akifungua na kufunga kama mtoto, halafu akaniambia niingie nione, nikaingia. Kuta zilikuwa kama nilivyoziwaza. Alitundika begi lake kwenye msumari ambao nilikuwa nimeupangia spana.

Nilisafiri masika yote ya mwaka ule. Nilifunga na kufungua kitufe cha abiria kwenye miteremko mpaka madereva wengine wakaanza kuwaambia matingo wao, wasaidizi wanaokaa kiti cha abiria, wafanye hivyo. Kwenye safari moja, mvua ikiwa imekatika na sisi tunasubiri daraja lipungue maji, nilimsimulia mzee wa Busawe ile kona yote. Akasema alishangaa siku ile kuona nimekodoa macho kwenye kitufe, akadhani nimesahau kinafungwa upande gani. Halafu akanipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma, tukala.

Mwenzangu bado yuko kwenye kibanda cha mabati. Kile kipande cha paipu nilichokibana kiko kwenye shada lake la funguo, na wateja wakiuliza anawasimulia, nikiwapo na nisipokuwapo. Bado ninamwonea wivu. Nikifika Kewanja na kukuta benchi lake limejaa watu, huwa nazunguka kwanza nyuma ya kibanda mpaka uso wangu utulie.

Kilichobadilika ni kidogo. Sizilinganishi tena waipa. Ngozi zote za ndani ya vimota nakata mimi, zake na zangu, kwa sababu mkono wangu una subira, na yeye ndiye anayezifunga na kuzisikiliza. Na mota niliyoitengeneza haipandi kwenye lori mpaka awe ameijaribu yeye.